Kwenda Chuo Bila Kuondoka

Ruangwa, mtoto anayekwenda chuo huonekana. Siku mbili kabla ya safari begi limeshatolewa uvunguni na kupigwa vumbi, zipu imepakwa mshumaa isije ikagoma njiani. Shangazi analeta korosho za kukaanga kwenye kopo la siagi, babu anatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne, na jioni panasomwa dua, au wanajumuiya wanakuja kusali, kutegemea nyumba ni ya imani ipi. Alfajiri ukoo mzima uko stendi. Basi likishapinda kona, mama anarudi nyumbani akiwa mama wa mwanachuo, na kuanzia siku hiyo majirani wanamuulizia "msomi wetu".

Sasa mchukue binti wa mji huohuo, wa kubuni tu, ingawa wanaofanana naye hawakosekani pale wala Nachingwea. Amemaliza kidato cha sita, ni wa kwanza kwao kufika huko, na amejisajili kusoma shahada kwa njia ya mtandao kwa sababu ada ndiyo iliyowezekana; nauli na kodi ya chumba Dar es Salaam havikuwezekana. Hakuna begi. Chuo kimeanza Jumatatu saa nne asubuhi. Yeye ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, simu ameiegemeza kwenye ndoo, hedifoni zake zinasikika upande mmoja tu. Mhadhiri anaeleza mambo ya uchumi. Mama anatokea na ungo.

"Mwanangu, kama huna kazi njoo tupete hizi mbaazi."

"Niko darasani, mama."

Mama anatazama huku na huku, kama anayelitafuta hilo darasa. Hana ubishi, haoni. Anachoona ni mtoto aliyeinamia simu, vilevile mdogo wake alivyoinamia vichekesho jana usiku.

Wanaoandika kuhusu hisia za watu wanaosoma mtandaoni hupenda kuanzia kwenye upweke: mtu na kioo chake, hana wa kucheka naye. Kwa binti huyu upweke ungekuwa anasa. Nyumba ina watu tisa na mbuzi. Linalomsumbua ni kwamba hakuondoka. Amevuka mpaka ambao kwao hajawahi kuuvuka mtu, na hakuna aliyemwona akivuka. Siku nyingine hata yeye mwenyewe hana hakika kama amevuka. Hapo ndipo jambo linapotoka mikononi mwa washauri nasaha na kuingia kwenye falsafa, hata kwenye dini: je, mtu anaweza kuwa mwingine bila kuondoka pale alipokuwa?

Kwa Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao wa ukanda huu, jibu la zamani lilikuwa hapana. Mvulana hakuwa mtu mzima kwa sababu tu miaka imefika. Alitolewa kwao, akapelekwa kumbini, akakaa huko na wenzake chini ya ngariba na makungwi, akaumia, akafundishwa, akaimbishwa, kisha akarudi na jina jipya, na kulitaja jina la utotoni kukawa tusi. Msichana naye aliwekwa ndani, akatolewa nje siku ya ngoma akiwa mwali, watu wakimtazama kama hawakupata kumwona. Mwaka 1909 Arnold van Gennep aliandika huko Ufaransa kwamba mila za namna hii duniani kote zina hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati, na kurudishwa. Kungwi yeyote wa Nachingwea angemwambia hivyo bila kufungua kitabu. Mpaka leo jando na unyago kusini hufuata likizo za shule za Juni na Desemba, na walimu wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba likizo imekwisha na watoto bado wako kwenye ngoma.

Kuna mtu mmoja aliyeielewa hoja hiyo kuliko wengi, naye alikuwa mgeni. Vincent Lucas, padri Mwingereza wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliwakuta wamisionari wenzake wakiitazama jando kwa jicho la kuipiga marufuku. Yeye akaiingiza ndani ya Kanisa. Mafundisho yakapitiwa, sala zikawekwa, mambo mengine yakaondolewa, na watoto wa Kikristo wakawa na kumbi yao. Mengi aliyabadilisha. Kimoja hakukigusa: watoto waliendelea kutoka nyumbani na kwenda msituni. Inaelekea alijua kwamba unaweza kumbadilishia mtu nyimbo zote, lakini ukimwacha alale kitandani kwake, asubuhi ataamka yuleyule.

Baada ya kumbi zikaja bweni na kambi. Watoto wa wakulima wa Lukuledi walitumwa shule za misheni kama Chidya na Ndanda, na waliporudi likizo walikuwa wameshajifunza kula kwa kengele. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walifanya mazoezi Nachingwea, kwenye eneo linalojulikana kama Farm 17, na Samora Machel na wenzake walisema waziwazi kwamba hawafundishi bunduki tu. Kijana wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma na kijana wa kusini ya mbali walipaswa waingie kambini wakiwa watu wa makabila na watoke wakiwa Wamsumbiji, mtu mpya kabisa. Kwa hiyo wilaya hii moja imekuwa na kumbi, ikapakana na mabweni, ikapokea kambi, na vyote vitatu vilisimama juu ya imani ileile. Nyumbani huzaa mtu. Kwingine ndiko humkamilisha.

Lakini imani hiyo ilikuwa na mpinzani mkubwa, na alikuwa Ikulu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamng'oa mtoto kwenye jamii yake, zinamfanya ajione bora kuliko waliomsomesha, na kumfundisha kudharau maarifa ya mkulima asiye na cheti. Yeye mwenyewe alikuwa shahidi wa safari hiyo: mtoto wa Butiama aliyeingia shule ya Mwisenge mwaka 1934, akaishia Edinburgh. Alijua kinachopatikana na kinachopotea. Ukitazama kwa jicho hilo, yule binti wa Ruangwa anayepeta mbaazi kati ya mhadhara na mhadhara ndiye mwanachuo ambaye Mwalimu alimwota. Hajang'olewa. Jembe lake liko pale pale alipoliacha.

Ila ndoto ikitimia, mwotaji hayupo kuona inavyouma.

Tanzania ina kumbukumbu ya watu waliosomea walipo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe na nafasi ya shule ya msingi ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Ikaamuliwa wafundishwe hukohuko vijijini. Vijana waliomaliza darasa la saba waliletewa vitabu kwa posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakafundisha saa chache na kusoma saa chache chini ya mwalimu mratibu. Zaidi ya 35,000 walihitimu. Bila wao mpango mzima ungelala. Wakapata shukrani gani? Mitaani herufi UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, zikafanyiwa utani: Ualimu Pasipo Elimu. Baadhi yao walikuwa walimu wazuri kuliko waliotoka vyuoni, na wazee waliofundishwa nao kusoma bado wapo wa kulisema hilo. Dharau ilikuwa na chanzo kingine, kwamba kijiji kilikuwa kimewaona siku zote. Nani amheshimu mwalimu ambaye juzi alikuwa anachunga mbuzi hapa hapa na hakuna basi lililompeleka kokote?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kilirithi kazi hiyo na mzigo huo. Kina vituo mikoani, kikiwemo cha Lindi, na masomo yake yaliyoanzia kwenye vitabu vya kutumiwa sasa yamehamia kwa sehemu kubwa mtandaoni. Kwa miaka mingi mwanafunzi wake wa kawaida alikuwa mtu mzima mwenye kazi, mwalimu au karani anayetafuta kupanda daraja. Huyo alikuwa na cheo tayari, shahada ilikuwa nyongeza. Anayefika sasa akitokea moja kwa moja sekondari ni mtu wa namna nyingine. Hana cheo kingine. Akiulizwa msibani, "Siku hizi uko wapi?", jibu lake la kweli ni "nyumbani", na jibu hilohilo ndilo analotoa aliyefeli.

Lugha yenyewe imechukua upande katika ugomvi huu, tena pande zote mbili. Maneno tunayotumia kwa ajili ya elimu ya juu yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo: mhadhiri, mhadhara, kuhudhuria, mahudhurio, hadhara. Mhadhara bila kuwapo ni kama futari bila kufunga. Hapohapo neno "chuo" linatusaliti, kwa sababu katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa kitabu kabla hakijawa jengo. Mtoto alitiwa chuoni, yaani alikabidhiwa kwa mwalimu wa Kurani, na chuo chenyewe kilikuwa kile alichobeba kwapani. Ukitaka kubishana, basi, unaweza kusema simu ya yule binti imekirudisha chuo mahali pake pa asili, mkononi.

Kuhusu kujua mambo bila kuwapo, Nachingwea ina funzo la bei mbaya. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza wakiongozwa na John Wakefield walizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa ya kuangalia kwao ikiwa ni kutoka angani, wakarudi London na ripoti. Mwaka uliofuata Mpango wa Karanga ukaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Miti ikakataa kung'oka, matrekta yakafa, mvua hazikusoma ripoti, na 1951 mpango ukafutwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Hubert Dreyfus, mwanafalsafa wa Marekani aliyeandika mwaka 2001 kwamba hakuna anayefikia ustadi wa jambo bila kuweka mwili wake mahali penye hatari ya kukosea mbele ya watu, hakuutaja Mpango wa Karanga. Ungemfaa.

Wanachuoni wa Kiislamu waliushughulikia mjadala huu karne nyingi kabla ya umeme, na kwa umakini ambao wizara za elimu zingeweza kuuonea wivu. Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, alizipanga njia za kupokea hadithi kuwa nane. Ipo ya kumsikiliza shekhe akisoma. Ipo ya wewe kumsomea shekhe naye akasikiliza na kukusahihisha. Ipo ijaza, ruhusa anayokupa upokee kutoka kwake. Ipo munawala, kukabidhiwa kitabu mkono kwa mkono. Ya tano ni mukataba, pale shekhe anapomwandikia mwanafunzi aliye mbali, na hii ilikubaliwa na wengi kuwa elimu halali. Chini kabisa iko wijada, ambapo mtu amekiokota tu kitabu cha mtu ambaye hakupata kumsikia wala kuruhusiwa naye.

Orodha hiyo inasema jambo ambalo mjadala wa siku hizi wa "mtandao au ana kwa ana" huliruka. Umbali haukuwa ndio kasoro. Barua ilipita. Kilichopimwa ni uzi kati ya watu wawili: nani amekusikia, nani amekujua, nani yuko tayari kusema "huyu ni mwanafunzi wangu". Kila hatua ya kushuka ngazi ni hatua ya kupoteza mtu wa upande wa pili. Wapo walioweka kumsomea shekhe sawa na kumsikiliza, na hilo nalo linastahili kutafakariwa, maana katika chuo chochote cha Kurani cha Ruangwa mtoto hujua kwamba kusikiliza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuketi mbele ya mwalimu na kufungua kinywa, huku moyo unadunda.

Mpe yule binti nafasi yake kwenye ngazi hiyo. Ana sikio moja lenye mhadhara. Maiki yake imezimwa kwa sababu wote wameambiwa wazime, kamera ameifunga kuokoa bando, na jina lake ni mstari mmoja kati ya mistari mia mbili. Kusikia, anasikia vizuri kabisa. Hajasikiwa. Muhula mzima unaweza kupita bila mtu yeyote wa chuoni kuisikia sauti yake, na kwa hesabu ya Ibn al-Salah anakuwa ameteleza kutoka kwenye kusikiliza akielekea kwenye kuokota. Wivu anaouhisi kwa rafiki yake aliyekwenda Dodoma hautokani na majengo ya Dodoma. Rafiki yake amefokewa na mhadhiri kwa kuchelewa. Mhadhiri anamjua.

Kwa upande wa Kanisa mpaka umechorwa kwa wino mzito zaidi. Mtume Paulo alifundisha makanisa mengi kwa barua, akidai yuko nao kwa roho ingawa mwili uko mbali, kwa hiyo mafundisho ya mbali yana ukoo wa heshima. Hata hivyo waraka wa Vatikani wa mwaka 2002 kuhusu intaneti ulikata shauri kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Neno linaweza kupita kwenye waya. Maji, mkate na mikono ya kuwekewa kichwani haviwezi. Wakatoliki wa Nachingwea, mji uliokuwa makao ya jimbo lao tangu 1963 mpaka lilipohamishiwa Lindi 1986, wamezaliwa na tofauti hiyo. Na mwaka 2020 nchi nzima iliishi katika picha yake: kuanzia katikati ya Machi vyuo vilifungwa hadi 1 Juni kwa sababu ya korona, huku misikiti na makanisa yakibaki wazi. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi. Lakini mtu wa kawaida alisoma humo kwamba elimu inaweza kusubiri au kutafuta njia nyingine, ibada haiwezi. Swali ambalo halikuulizwa ni elimu ya juu iko kundi gani kwa mtoto wa kwanza kwao kufika chuo: ni mafundisho, yanayoweza kuja kwa barua, au ni sakramenti, inayotaka mwili uwepo?

Utafiti wa saikolojia una jambo la kuchangia hapa, ingawa umetoka mbali. Nicole Stephens na wenzake huko Marekani walionyesha mwaka 2012 kwamba mwanafunzi wa kizazi cha kwanza, yaani wa kwanza kwao kufika chuo, akipewa barua ya ukaribisho inayosifu kujisimamia, kutafuta njia yako mwenyewe na kuwa wewe, anafanya vibaya zaidi kwenye jaribio linalofuata kuliko wenzake waliozaliwa na wasomi. Barua ikisifu kushirikiana na kuwa sehemu ya jamii, pengo linatoweka. Mtanzania anayejaribu kuitafsiri barua ile ya kwanza atatumia neno gani? "Kujitegemea", bila shaka, na papo hapo ataharibu maana. Kwetu kujitegemea kumekuwa kwa kijiji, kwa wilaya, kwa taifa. Mtu mmoja anayejitegemea peke yake, bila kumtegemea wala kutegemewa na yeyote, kwa Kimwera au kwa Kiswahili ni mtu wa kuhurumiwa. Na mafunzo ya mtandaoni, jinsi yalivyosukwa mahali pengi, ni ile barua ya kwanza ikiandikwa upya kila siku: jipangie ratiba, jisimamie, jisomee, jitathmini.

Wengine wawili, Rebecca Covarrubias na Stephanie Fryberg, waliandika 2015 juu ya hatia ya kufanikiwa kuliko familia. Mwanafunzi yuko kwenye maktaba yenye kiyoyozi, anamkumbuka mama juani, na chakula hakishuki. Hatia hiyo ilipungua pale mwanafunzi alipokumbuka siku aliyoisaidia familia yake. Ukifikiri juu ya binti wetu utaona kwamba kwake mambo yamekaa kinyume: mama hayuko kwenye kumbukumbu, yuko hatua nne, na ungo. Mwezi wa kupuliza salfa kwenye mikorosho baba anamtazama kijana mwenye nguvu aliyeketi kivulini na kifaa kinachowaka, naye kijana anaona anatazamwa. Aliyeko Dodoma hufikiwa na hatia usiku. Huyu hufikiwa saa nne asubuhi, saa sita, na saa ya kuchota maji. Ila dawa pia iko karibu naye kuliko kwa mwenzake. Mbaazi zinapetwa kwa nusu saa. Anayezipeta akarudi kwenye mhadhara uliorekodiwa anaweza kuwa ametuliza moyo kuliko aliyekataa akabaki na hedifoni. Washauri wanaomwambia mwanafunzi aweke mipaka na familia wanafikiri nyumba zenye milango.

Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra za Kiafrika utu haupewi mtu kwa kuzaliwa tu. Huufikia polepole, kwa kupitishwa na jamii kutoka hatua hadi hatua. Mghana Kwame Gyekye alimpinga, akisema ameizidisha jamii na kumpunja mtu binafsi. Ubishi wao una haki ya kuendelea, lakini kwa suala letu Menkiti ana karata nzuri. Shahada ya mtandaoni inampa mtu maarifa bila kumpitisha. Hakuna aliyemkabidhi, hakuna aliyempokea. Jennifer Morton, mwanafalsafa aliyekulia Peru na kufundisha watoto wa maskini New York, ameandika kwa uchungu kuhusu gharama ya kimaadili ya kupanda kwa elimu: urafiki unaolegea, ndugu waliokosa msaada wako, lugha ya nyumbani inayokuwa ngumu mdomoni. Kusoma ukiwa nyumbani kunaonekana kufuta deni hilo. Halifutiki, linabadilisha sarafu. Aliyeondoka hulipa kwa kuwa mgeni kwao. Asiyeondoka hulipa kwa kutokuaminika kwamba amekwenda.

Hata hivyo si kweli kwamba watu wa Nachingwea na Ruangwa hawawezi kuamini kitu kinachoonekana kwenye kioo tu. Katika msimu wa 2024/25 korosho za kusini ziliuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi hakuja na suti na gari lake. Wakulima wa chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, walikusanyika, bei zikatokea mtandaoni, na wenyewe wakazikubali au wakazikataa. Kusini minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na hakuna aliyesema bei hiyo haikuwapo kwa sababu mnunuzi hakuonekana. Angalia lakini walivyofanya: walikusanyika. Kioo kilikuwa kimoja, macho yalikuwa mengi, na neno la mwisho lilisemwa kwa sauti mbele ya watu. Mzee aliyeshuhudia mnada huo ana kila kinachohitajika kuelewa mhadhara wa mtandaoni. Amekosa kuitwa tu.

Na njia zote mbili za kwenda chuo ni dhaifu, tusijidanganye. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, mabasi yakakwama. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Ndani ya wiki mbili mwanachuo aliyepanda basi na mwanachuo aliyewasha simu wote walikuwa wamesimama mahali pamoja.

Wanaofaulu kuishi na hali hii hawafanyi makubwa. Wanajitengenezea kumbi. Mmoja huomba kona ya duka la stesheneri kila jioni, analipia kwa kumsaidia mwenye duka kuprinti. Mwingine huvaa viatu vya kutokea, akafunga kamba, ndipo anafungua simu, hata kama anaketi palepale kwenye kigoda. Wengine watatu au wanne, wa vyuo tofauti, hukutana Jumapili baada ya ibada chini ya mwembe, wakasomeana kwa sauti walichoandika, na hapo ndipo kila mmoja anasikiwa na mtu. Kuna nyumba ambazo baba ameamuru, kwa sauti ile ya kuamuru, kwamba saa mbili hadi saa nne usiku fulani yuko chuo na asiitwe. Neno la baba hapo limefanya kazi ya basi. Nelson Mandela, wa kwanza katika familia yake kuingia darasani, alimaliza shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989 kwa njia ya posta akiwa mfungwa, na tatizo hili moja hakuwa nalo. Hakuna aliyemwomba apete mbaazi.

Mitihani ndiyo inayobadilisha mambo, kwa sababu mtihani wa mwisho unataka mwili. Wiki moja kabla, yule binti anasema kwamba lazima afike kituo cha Lindi, siku tatu. Nyumba inakaa kimya kidogo. Kisha mama anainama uvunguni na kuvuta begi lililokuwa limehifadhiwa mbegu za kunde, analikung'uta, anasugua zipu kwa kipande cha mshumaa. Bibi anataka kujua atalala kwa nani. Baba, ambaye muhula mzima hakuuliza kitu, anauliza mtihani wa kwanza ni wa somo gani, na anapojibiwa anarudia jina la somo hilo polepole, mara mbili. Alfajiri wako stendi, watano. Gari litapita Nanganga, Mtama, Mnazi Mmoja, litaingia Lindi kabla ya adhuhuri. Jirani anayeuza chai pale stendi anaona begi, anaona watu watano, anaweka kikombe chini.

"Kwani huyu naye yuko chuo?"

"Mwaka wa pili huu," anasema mama.